Kundi Likikutosa, Panda Basi

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, hivi Matema, kule ufukweni Ziwa Nyasa, ulifikaje bila gari? Mimi kila nikipanga safari watu wananitosa." Nilicheka, kisha machungu yangu yakarudi yote.

Na sisi tulikuwa na kundi la WhatsApp. Lina jina, lina picha, lina mpaka mhazini. Mpango ulikuwa Nyanda za Juu Kusini, msimu wa maua ya hifadhi ya Kitulo. Siku zilivyokaribia, mmoja kazi zikambana, mwingine akapata mgonjwa, waliobaki wakanyamaza tu. Ujumbe wameusoma, jibu hakuna. Mchango wangu wa kukodi gari haujarudi wote mpaka leo, na mhazini akinikuta harusini ananikumbatia kwa furaha kabisa!

Shangazi naye: "Mtoto wa kike peke yako, Mbeya una nani?" Sina mtu. Nikakata tiketi.

Safari ya basi kutoka Dar naiacha, unalala na kuamka tu. Uhondo unaanza ukishapanda Kosta ya Tukuyu. Mkipita Uyole barabara inapanda, baridi inaingia dirishani, na Isongole unakuta akina mama na ndoo za viazi mviringo kando ya lami. Shuka hapo kama unataka Ziwa Ngosi. Nilichukua bodaboda mpaka msitu unapoanzia, na kijana wa kuniongoza, panga mkononi. Njia ni tope na mizizi, unashika mianzi, unashika chochote. Tukafika ukingoni, ukungu mtupu. Yule kijana akachuchumaa, akavunja kijiti na kuanza kukwangua tope kwenye buti lake. "Subiri dada, lipo."

Ukungu ukapasuka. Chini kabisa maji ya kijani, yamezungukwa na kuta za msitu pande zote, hakuna nyumba wala mtumbwi. Ni volkano iliyoporomoka, shimo likajaa maji. Mtandao uliposhika tu, nikatuma picha kwenye kundi lilelile. Ndiyo, makusudi.

Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira nalo liko njia hiyohiyo. Lava ilipoa juu ya mto, maji yakaendelea kupita chini. Watu wanapita kwenda Kyela kununua mchele, hawageuzi hata shingo.

Ushauri wangu ni huu: usisubiri kundi. Toka asubuhi, maana Rungwe mchana mvua haina adabu. Vaa buti. Beba fedha taslimu. Muulize mwenye gesti nani anaaminika kukuongoza, mlipe vizuri. Na usisubiri kundi.

Kwa Kitulo, maua ni kati ya Desemba na Aprili, yaani mvua, kwa hiyo usilalamikie tope. Kutoka Chimala kwenda Matamba unapanda kona 57 na hutamani kuangalia chini. Wenyeji wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi, ambazo watu walikuwa wanazichimba mizizi kwenda kuuzwa Zambia, inapikwa chakula kiitwacho chikanda. Kama hujawahi kuziona, nenda kabla ya kuanza kubishana nami mtandaoni.

Maana nawajua. Mtasema utalii ni wa Wazungu na ni ghali. Mtanzania analipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, tena chini sana ya mgeni. Wikiendi za kitimoto na bia mnazimudu bila kuchangishana. Watoto wenu wanajua majina ya maduka yote ya Mlimani City, waulizeni Ziwa Nyasa liko upande gani wa nchi.

Haya, mdogo wangu wa Matema. Panda Kosta mpaka Kyela, hapo tafuta gari dogo la Matema, uwahi kabla jua halijazama. Ufukwe una mchanga, milima ya Livingstone imesimama juu yako. Vyungu vya Wakisi vinaletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, nawe utavitamani. Chukua kidogo, ukipakate. Kikubwa nilikiweka nyuma ya Kosta, kikafika Tukuyu vipande.