Mipigo yote inafanana: anza na shimo la tatu

Mkuu, umesema uwanja wenu wa gofu wa mashimo 9 hapa Arusha unachosha: kila shimo ni kupiga kwa nguvu moja kwa moja. Tatizo si urefu, ni kwamba mchezaji hana cha kuamua.

Anza na shimo la tatu, lile la mita 290, linalotarajiwa kumalizwa kwa mipigo 4. Chimba bunka (shimo la mchanga la kutega mpira) upande wa kulia, mita 200 hadi 215 kutoka pa kuanzia, kisha geuza grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye kikombe, mlango wake uelekee huko huko kulia. Anayethubutu kupita karibu na mchanga anapata mpigo wa pili mwepesi. Anayekimbilia kushoto atalazimika kuvuka bunka la pembeni mwa grini. Acha njia ya nyasi fupi ya kupigia mpira iwe na upana wa mita 40. Ukibana hadi 20, wote watapiga sehemu moja tu na uamuzi unakufa.

Kumbuka mwinuko wetu wa mita 1,400 unarefusha mpigo kwa asilimia 5 hivi, kwa hiyo vipimo vya pwani vitakudanganya. Bunka liwekewe bomba la kutolea maji, mchanga sentimita 10 chini na 5 kwenye kuta. Kuta zikiwa wima sana, masika inaporomosha mchanga wote.