Riwaya za kihistoria na manga nilizosoma nikiwa kwenye dawa za TB

Dada, pole sana. Umesema uko mwezi wa pili wa dawa za TB, marafiki wamekutumia majina ya riwaya za kihistoria na manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, mpaka hujui ushike ipi uache ipi, na shemeji yako anakusema kwamba mtu mzima hasomi vikatuni. Nimepita hapo ulipo na nimepona. Karibu vyote nilivyosoma kipindi kile nilipendekezewa na marafiki, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza macho, maana hilo halisubiri. Katika miezi 2 ya mwanzo kwa kawaida unameza dawa nne kwa pamoja, na mojawapo, ethambutol, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa macho. Maandishi yakianza kuwa na ukungu, au nyekundu na kijani zikianza kukuchanganya, usidhani umechoka kusoma tu. Nenda kliniki siku hiyo hiyo. Mimi kila asubuhi nilikuwa natazama jalada moja lile lile lenye maandishi mekundu, nafumba jicho hili, nafumba lile, ndipo nafungua kitabu.

Sasa tuje kwenye vitabu. Wakati homa za jioni bado zinanijia, riwaya ilinishinda kabisa. Nafika mwisho wa aya, mwanzo wake umeshanitoka. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari akanitumia Vinland Saga ya Makoto Yukimura na ujumbe mfupi: "Usijilazimishe kusoma, tazama picha." Ushauri wake ulikuwa sahihi. Kurasa nyingi zina maneno machache au hazina kabisa, unaona bahari, jahazi la Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Ulaya ya Kaskazini, uso wa mtu, na hadithi inakwenda. Inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na sisi tuliokaa chuoni na msahafu mkono haukupata taabu.

Hadithi yenyewe ni ya karne ya 11. Thorfinn ni kijana anayeishi kwa kisasi cha baba yake, na humo ndani utamkuta Knut, mfalme wa kweli aliyeitwaa Uingereza mwaka 1016. Hata Thorfinn ana asili yake katika masimulizi ya kale ya Iceland, yanayomtaja Thorfinn Karlsefni aliyesafiri hadi Amerika ya Kaskazini. Mwanzo ni vita tupu na damu nyingi. Sehemu iliyonishika ni inayofuata. Thorfinn ameuzwa utumwa kwenye shamba huko Denmark, yeye na mwenzake Einar wamepewa msitu waufyeke walime ngano ili wajikomboe. Yukimura anakuonyesha visiki. Wanachimba kuzunguka mizizi, wanavuta, hakitoki, kesho wanarudi. Hawana farasi wala plau, mpaka mzee Sverkel, baba wa mwenye shamba, anapokubali kuwaazima kwa sharti wamfanyie kazi zake. Nilikuwa mtu wa kutoka kitandani hadi bafuni nikipumzika njiani, na kisiki kimoja kilipong'oka nilifurahi kama nimekuwepo pale. Wasomaji wengi hulalamika kwamba hapo hadithi inapoa. Mtu mwenye afya ana haki ya kuchoka. Lakini ukiwa na miezi ya dawa mbele yako, kuona watu wakienda polepole na kufika mahali kunakushibisha.

Mwingine alinipa Vagabond ya Takehiko Inoue, iliyoanza 1998. Ni maisha ya Miyamoto Musashi, mpiga upanga mashuhuri wa Japani, na inaanzia baada tu ya vita vya Sekigahara vya mwaka 1600. Kwa uchoraji sijaona ya kuishinda. Ukitazama alama za brashi unaona kabisa mkono ulikandamiza wapi na ukaachia wapi. Huko mbele Musashi naye anafika kijiji chenye njaa, anaweka upanga, anashika jembe. Inoue mwenyewe aliacha kuichora kwa muda mwishoni mwa 2010 kwa sababu za afya, akarudi 2012, na tangu 2015 haijaendelea. Kwa hiyo mimi nisingekushauri uanze nayo. Ukiwa mgonjwa unahitaji hadithi unayojua ina mwisho, na Vinland Saga ilimalizika 2025.

Kuhusu shemeji: mpe Barefoot Gen ya Keiji Nakazawa. Nakazawa alikuwa na miaka 6, yuko Hiroshima, bomu lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, na manga hiyo ameijenga juu ya aliyoyaona. Akiimaliza ndipo muendelee kuzungumza habari ya vikatuni. Wewe usiiguse kwa sasa. Kuna miili iliyoungua, kuna watu wanaoonekana wazima kisha nywele zinadondoka na wanakufa. Niliisoma baada ya kumaliza dawa, na hata hapo niliisoma mchana.

Hapo ndipo utakapomjua rafiki anayejua kupendekeza. Yule wa Vinland Saga anapenda mno hadithi za Shinsengumi, wale wapiganaji wa mji wa Kyoto, Japani, wa miaka ya 1860, lakini hakuzigusia hata siku moja nikiwa naumwa. Baadaye nikamuuliza kwa nini. Kumbe Okita Soji, mmoja wa vijana hodari wa kundi lile, alikufa kwa TB mwaka 1868, na wachoraji hupenda kumwonyesha akikohoa damu. Hakutaka nikutane na hilo kitandani. Aliwaza hali yangu kwanza, kitabu anachokipenda yeye kikafuata. Basi hao wako waulize swali moja: humo ndani kuna mtu anaumwa ninachoumwa? Wakikujibu ndiyo, kiweke pembeni mpaka upone.

Nguvu ziliporudi, na chakula kikaanza kuwa na ladha, nikahamia kwenye riwaya zetu. Binamu yangu aliniletea Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, yenye maisha ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Ni nyembamba, Kiswahili chake kinatiririka, na sura zake hazikuchoshi. Kisha Peponi ya Abdulrazak Gurnah, aliyetuzwa Nobel 2021. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeileta kwa Kiswahili mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, halafu anaingia kwenye msafara wa bara na mnyapara na wapagazi, wakati Wajerumani wanazidi kuishika nchi. Sehemu ya msafara ina njaa na magonjwa, isome siku uliyoamka vizuri. Lakini ile bustani ya Aziz, na maji yake na vivuli vyake, nilikuwa nairudia kila nikitaka kutulia.

Na jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko vitabu vyenyewe: mazungumzo. Unajua wageni wa mgonjwa. Unaendeleaje, umekula, mbona umekonda, dawa unameza? Wanakupenda, ila kila mmoja akiondoka unabaki na ugonjwa wako mkononi, umekumbushwa upya. Aliyenipa kitabu aliingia akiuliza, "Umefika wapi? Askeladd umeshamwelewa?" Tunabishana nusu saa kama Askeladd, yule wa Vinland Saga aliyemuua baba yake Thorfinn, ni mtu mbaya au la, na kwa nusu saa ile sikuwa mgonjwa wa mtu. Binamu yangu akawa anasoma Peponi sambamba na mimi, sura kwa sura, ananitumia sauti kwenye WhatsApp usiku usingizi ukiwa umekataa. Kwa hiyo usichague kwa uzuri wa kitabu peke yake. Chagua cha yule ambaye utapenda kuzungumza naye.

Kwa hali uliyoieleza, ningeanza na Vinland Saga juzuu ya kwanza, kurasa chache tu kwa siku, halafu Kuli homa ikikata. Matoleo ya karatasi ya manga hizi kwa Kiingereza mengi ni mazito: Vinland Saga yenye jalada gumu huunganisha juzuu mbili, na Vagabond ile kubwa juzuu tatu. Ukiwa umelala chali, kifua bado kinauma, kuyashika ni kazi. Soma kwenye tableti au simu, au kaa uweke mto mapajani. Peponi ulizia TPH Bookshop pale Samora, Dar es Salaam. Kuli ninayo nakala ya ziada, niandikie pembeni tupange namna ya kukufikishia.