Kabla ya Kulaumu Jeni, Chunguza Chakula cha Hamira

Ninyi mnaoanza kuchunguza hamira maabara, someni kwanza maandishi kwenye kopo la chakula cha kukuzia. Mchanganyiko wa kawaida wa vitamini na chumvi una miligramu 2 za inositoli (kiungo kinachofanana na sukari ambacho seli hutumia kutengeneza lipidi, yaani mafuta) kwa kila lita, na kiasi hicho, japo ni kidogo, kinatosha kuvuruga jaribio linalohusu lipidi za utando wa seli.

Sababu ni hii. Protini Opi1, ambayo kazi yake ni kuzima jeni, hushikiliwa kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ulio ndani ya seli) na protini Scs2 pamoja na asidi ya fosfatidi, lipidi ambayo ni malighafi ya lipidi nyingine. Maadamu asidi hiyo ni tele, Opi1 hubaki nje ya kiini, nazo protini Ino2 na Ino4 huiwasha jeni INO1, ambayo kimeng'enya chake huanzisha utengenezaji wa inositoli kutokana na glukosi-6-fosfati. Ukitia inositoli, seli huitumia kutengeneza lipidi iitwayo fosfatidilinositoli, asidi ya fosfatidi hupungua, na Opi1 iliyoachiliwa huingia kwenye kiini na kuizima jeni. Aidha, Itr1, protini inayoingiza inositoli, huondolewa kwenye utando wa nje wa seli na kupelekwa kwenye vakuoli, kifuko cha ndani ya seli, ikavunjwe. Kwangu mimi, uzuri wa mfumo huu ni kwamba Opi1 haihitaji kuipima inositoli yenyewe: inafuata kiasi cha malighafi kilichosalia.

Mwanzoni nilihamisha seli zisizo na INO1 kutoka kwenye chakula chenye dondoo la hamira, ambalo lina inositoli, hadi kwenye chakula kisicho na inositoli, bila kuziosha. Ziliendelea kukua, nami nikadhani nimepewa seli zisizo zenyewe. Nilipozizungusha kwenye mashinepewa (mashine inayozungusha kwa kasi ili seli zitulie chini), nikamwaga maji ya juu na kuziosha mara mbili kwa maji safi yaliyotakaswa, zilikua kidogo kwa akiba yao, kisha zikasimama na kuanza kufa, ilhali seli za kawaida zilizokuwa kando yake zilistawi.

Angalieni pia umri wa seli mnazolinganisha. Glukosi ikiisha, ndani ya seli huwa na uchachu zaidi, chaji ya asidi ya fosfatidi hubadilika, na mshiko wake kwa Opi1 hulegea. Hivyo INO1 inaweza kuzimwa hata pasipo inositoli. Kwa hiyo pimeni ukungu wa kimiminika katika kila chupa, unaoonyesha wingi wa seli, kabla ya kuvuna, na zile zilizokwisha kufikia kikomo cha ukuaji msizichanganye na zile ambazo bado zinagawanyika.