Albamu ya filamu yenye nyimbo mchanganyiko

Ndugu, nimekuelewa: ulinunua albamu ya filamu ukitarajia zile nyimbo ulizozisikia, ukakuta ala tupu. Muziki uliotungiwa filamu na mkusanyiko wa nyimbo mara nyingi huuzwa kama albamu mbili tofauti. Soma orodha kabla ya kulipa, maana hata kwenye mkusanyiko baadhi ya nyimbo huachwa.

Anza na albamu ya nyimbo za filamu ya Pulp Fiction ya 1994. Gitaa la Dick Dale linakurusha kitini, wanakuja Kool & the Gang, halafu Al Green anakutuliza; katikati wamo waigizaji wakiongea. Usivuruge mpangilio huo, utamu wote umo humo! Mwimbaji Dusty Springfield nisingemtafuta maishani. Alinijia humo, nikaurudia wimbo wake usiku kucha.