Mleta mada usilipe hicho kilemba kabla hujaongea na mpishi

Mkuu weka hiyo hela chini kwanza. Umesema umepata kiinua mgongo, kuna hoteli ya zamani jirani na Soko Kuu inauzwa "na jina lake" kwa kilemba (hela ya kuachiwa sehemu) cha milioni 14, unataka kuirudisha kama ilivyokuwa tukiwa watoto, na unauliza sisi wakongwe wa Arusha tunakumbuka sehemu gani za kula. Kukumbuka tunakumbuka. Mimi nilikumbuka mpaka nikatoa milioni 11, ndio maana leo nina hasira kuliko wewe mwenye hela zako.

Ilikuwa 2017. Hoteli yenyewe siitaji, watoto wa aliyeniuzia wapo humu humu. Kama umekulia Chuga, yaani Arusha hii hii, unaijua tu, mabenchi, jagi la bati, redio juu ya friji iliyokufa siku nyingi, na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Aisee ule mtori! Mzee wangu akishuka mjini Jumamosi lazima tupite pale asubuhi, bakuli linakuja linafuka, mfupa umesimama katikati, pilipili mbuzi pembeni, na huruhusiwi kuongea mpaka umalize. Mimi nilidhani nanunua hiyo. Nilichonunua ni kibao, meza 9, masufuria meusi na kodi ya miezi iliyobaki.

Dalali ndio alinimaliza. "Mpishi ni mpishi tu bosi, wamejaa mjini, wewe jina ndio mtaji." Nikimkuta leo namnunulia soda halafu namwagia. Na muuzaji naye akanifungulia daftari la mauzo, nikaona tarakimu nikachanganyikiwa, kumbe kurasa za 2013, enzi ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iko pale AICC, kituo cha mikutano, na watu wana hela ya kula mchana. Mahakama imefungwa mwisho wa 2015, na daftari nalo liliishia huko huko. Tarehe sikuangalia. Na mimi ni mhasibu, cheti kipo kabatini, msicheke.

Lakini hilo la daftari ni dogo. Kosa lenyewe ni hili: yule mama aliyekuwa anapika, zaidi ya miaka ishirini jikoni pale, sikuongea naye kitu. Nilimkuta anamenya ndizi, nikampa shikamoo, nikapita kwenda kuhesabu viti. Siku nakabidhiwa funguo hayupo, naambiwa ameamua kupumzika, kaenda kwao Marangu. Nikasema sawa, nikachukua kijana aliyesomea upishi, kofia nyeupe na mbwembwe zake, kijana akaenda sokoni akabeba ndizi zozote za bei chee badala ya mshare, ndizi zenyewe za mtori, akachemsha nyama nusu saa, akatia vyote kwenye blenda. Blenda! Mtori unapondwa kwa mwiko, tena mfupa umeshakaa jikoni tangu usiku. Kile kitu kilitoka kinavutika, ungeweza kubandikia mabango ya kampeni.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja wa kofia ya pama, mteja wa tangu enzi hizo, akakaa kwenye benchi lake. Kijiko kimoja tu. Akakiweka taratibu, akaangalia mlango wa jikoni, akaniuliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia amepumzika mzee wangu. Akalipa hela yote, bakuli limejaa vile vile, akasema asante mwanangu akatoka. Afadhali angenitukana.

Miezi mitano nikafunga. Halafu siku moja napita soko la Kilombero hapa hapa mjini naona watu wamejipanga chini ya turubai, kibao hamna, jina hamna, na nusu ya zile sura ni wateja wangu. Nikachungulia. Mama! Marangu alikaa wiki mbili tu. Akanitambua, akaniwekea mfupa mnene, "baba mbona umekonda hivyo?" Nikamuuliza kwa nini alinikimbia. Akaniambia hakunikimbia, bosi wake alimwambia nakuja na mpishi wangu. "Mimi siku ile unahesabu viti nilikuwa nakusubiri uniulize." Nilikula ule mtori machozi yananitoka nikasingizia pilipili.

Kwa hiyo mkuu nunua mkono, usinunue jina. Angalia pale kwa Khan mtaa wa Msikiti, mchana gereji usiku kuku na mishikaki, nani aliwahi kwenda pale kufuata kibao? Na hilo ulilouliza kwa nini migahawa mingi ya Wahindi ya mjini ilipotea, sababu mojawapo ni sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo, yale ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa, familia nyingi zikafunga virago. Jengo likabaki, mkono ukaondoka, kachori unayokula leo ni mabaki. Sambusa za wakati Metropole bado ni sinema hata sitaki kuzianza, tutalala hapa. Wazee wa Safari Hotel na hadithi zao za John Wayne alipokuja kupiga ile filamu ya Hatari! nao watakujazia uzi, waache, hiyo ni ya bure.

Uliuliza na leseni, sijui na nini kingine, picha za zamani nadhani. Leseni nenda jiji watakwambia. Wewe nijibu kitu kimoja: anayepika hapo unapotaka kununua anaitwa nani, na amekwambia atabaki? Usiniambie "nitauliza". Nenda kesho asubuhi, kaa jikoni, mmenye wote ndizi, halafu urudi hapa.