Jibu: Binti yangu ameanza kuikimbia fizikia

Dada, umeuliza imekuwaje binti aliyekuwa akifungua kila kifaa aone kilichomo, leo ana miaka 13 anasema fizikia ni ya wavulana. Akili haijapungua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science ulionyesha kuwa kuanzia miaka 6 hivi wasichana hupunguza kuamini kwamba mtu mwenye kipaji kikubwa cha akili anaweza kuwa wa jinsia yao, ilhali wanajua fika kuwa darasani wao ndio wanaopata alama nzuri!

Mimi ningeanzia maabara. Muulize: mkifanya jaribio kwa vikundi, wewe hushika nini? Mara nyingi mvulana ndiye anayeunganisha nyaya, betri na balbu. Msichana anapewa daftari ajaze jedwali, eti ana mwandiko mzuri. Sasa muhula mzima unanakili namba alizosoma mwenzio kwenye ammita (kipimo cha mkondo wa umeme), hamu itatoka wapi? Ongea na mwalimu wapokezane zamu. Ni jambo dogo na halina gharama.

Nyumbani, bisibisi apewe yeye pia, siyo kaka yake tu. Na akikwama kwenye hesabu, tafadhali usimfariji kwa "hata mimi zilinishinda." Muulize amekwama hatua ipi.

Picha ya mwanasayansi Marie Curie ukutani si mbaya, ila tuzo zake mbili za Nobel (1903 na 1911) zaweza kumtisha. Mtafutie fundi umeme au mtaalamu wa maabara mwanamke, amuulize maswali yake yote ana kwa ana.