Prado iliyoinuliwa inchi mbili: ringi ziache, badilisha tairi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Prado 120 ya petroli, injini ya 2.7, giaboksi ya automatiki. Nimeshafunga springi na shokapu ndefu, gari limepanda inchi mbili. Matairi yaliyopo ni saizi ya kiwandani, 265/65R17, na yamekwisha. Naishi Karatu. Siku nyingi niko kwenye lami, ila kila mara napeleka vifaa Engare Sero kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka. Muuzaji mmoja amenionyesha ringi za inchi 20 zenye tairi 285/50R20. Mwingine ananiambia nifunge 285/70R17 kwenye ringi zangu. Wote wanasema gari likishainuliwa, tairi lolote linaingia. Nichukue lipi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Umefanya vizuri kutaja njia unayopita, maana tairi linachaguliwa kwa njia na mzigo kabla ya kuangalia sura. Kwa gari lako na safari zako, yote mawili uliyoonyeshwa ningeyaacha. Baki na ringi zako za 17, nunua matairi matano ya 265/70R17, aina ya AT (za lami na njia mbovu pia), yenye ukuta mgumu. Nitakueleza sababu kwa hesabu, ili hata siku nyingine uweze kuipiga mwenyewe dukani.

Kwenye 265/65R17, namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172. Kuna ukuta juu na ukuta chini, kwa hiyo 344. Ongeza ringi, inchi 17 mara 25.4, ambayo ni 432. Tairi lako lina kimo cha milimita 776.

Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa 285/50R20. Ukuta ni milimita 142 na nusu, kimo ni 793. Ringi imekua kwa inchi tatu nzima, lakini tairi limerefuka kwa milimita 17 tu. Na kwa kuwa nusu ya ongezeko ndiyo inayoinua ekseli, difu yako ya nyuma itapanda milimita 8. Zile inchi mbili za springi zimeinua bodi na chasisi. Difu ya nyuma haikusogea hata kidogo, kwa sababu imekaa kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Kitakachoiinua difu hiyo ni tairi peke yake. Kwa hiyo ukinunua ringi za 20 utalipa fedha nyingi upate milimita 8, na papo hapo upoteze milimita 30 za ukuta.

Ukuta huo ndio unaofanya kazi njia ya Engaruka. Gurudumu likigonga jiwe kwa kasi, ukuta unabonyea ili jiwe lisiifikie ringi. Ukuta ukiwa mfupi, mpira unabanwa kati ya jiwe na ukingo wa ringi, na nyuzi za ndani zinakatika sehemu mbili kwa pigo moja. Tairi la namna hiyo halizibiki. Mara nyingi ukingo wa ringi nao unapinda, upepo unaanza kuvuja taratibu, na hata ukiweka tairi jipya shida inabaki. Halafu jiulize, tairi la inchi 20 utalipata wapi ukiwa Engaruka?

Angalia magari ya watalii yanayopita hapo mjini kwenu kila asubuhi kwenda Ngorongoro. Land Cruiser nyingi za series 70 zina ringi za 16, na tairi 7.50R16 au 235/85R16. Hilo la pili lina kimo cha milimita 806, refu kuliko lako, lakini ni jembamba. Wenye magari hayo wanabeba watu na mizigo mwaka mzima kwenye barabara mbovu, na hawakufika kwenye saizi hizo kwa bahati. Hata Prado 120 zenyewe, baadhi ya zile za daraja la chini zilitoka kiwandani na 265/70R16, na kimo chake ni 777, karibu sawa kabisa na chako cha ringi za 17. Ukubwa wa ringi na urefu wa tairi ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wengi wanayachanganya.

Tuje kwenye 285/70R17. Hili ni tairi zuri, sina ugomvi nalo. Kimo chake ni milimita 831, yaani limezidi la kwako kwa 55, asilimia 7. Tatizo ni hayo maneno ya "tairi lolote linaingia".

Gari likiwa limesimama, ni kweli utaona nafasi kubwa juu ya tairi. Lakini springi kazi yake ni kubonyea. Ukikatiza korongo kwa pembe, gurudumu moja la mbele linashuka na lingine linapanda hadi lisimamishwe na kile kipira kilichofungwa kwenye chasisi, ambacho mkono wa gurudumu unakigotea springi ikifika mwisho. Kipira hicho hukukibadilisha. Kiko pale pale kilipowekwa na kiwanda, kwa hiyo gurudumu linapofika mwisho wa kupanda, nafasi iliyobaki ni ile ile ya kabla hujainua gari. Hapo kata usukani hadi mwisho. Pembe ya nyuma ya tairi itagusa plastiki ya ndani ya madigadi, na nyuma ya plastiki hiyo kuna chuma kinachoshika bodi kwenye chasisi. Ndiyo maana wengi wanaofunga saizi hii kwenye 120 huishia kukata chuma hicho na kukichomelea upya. Kazi hiyo inafanyika, na fundi mzuri anaifanya vizuri, lakini ni kukata gari. Usiingie humo kwa sababu tu mtu alikwambia tairi litaingia lenyewe.

Kuna upana pia. Milimita 20 zilizoongezeka zinagawanyika, 10 nje na 10 ndani, na zile za ndani zinasogelea mkono wa juu wa gurudumu. Kukwepa hilo watu hununua ringi zenye ofuseti ndogo, au wanaweka spesa, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya ringi na habu. Ringi yako imeandikwa ET30, hiyo ndiyo ofuseti, maana yake sehemu inayokaa kwenye habu iko milimita 30 nje ya mstari wa katikati wa ringi. Ukiweka ET0, tairi lote linatoka nje milimita 30. Umeukwepa mkono wa juu, sawa, lakini sasa tairi likikata kona linazunguka kwa duara kubwa zaidi na kugonga madigadi na bampa, beringi na boljointi zinabeba mzigo kwa pembe mbaya, na usukani unaanza kukurudisha mikono kwenye mawe.

Na injini. Asilimia 7 ya kimo ni sawa na kuziongeza urefu gia zako zote kwa kiasi hicho. Kwenye tambarare hutalijali. Lakini wewe unapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kurudi Karatu, pengine na mzigo, kwa 2.7 ya petroli. Automatiki itakuwa inashusha na kupandisha gia kila kona, na mafuta yake yatapata moto. Breki nazo: kwa nguvu ile ile ya mguu, nguvu inayofika barabarani inapungua kwa karibu asilimia hizo hizo 7, na gurudumu lenyewe limekuwa zito zaidi. Mteremko huo huo utakaoupanda ndio utakaoushuka. Unaweza kubadilisha meno ya difu kurekebisha sehemu ya gia, ila Prado hii inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, hivyo ni lazima ubadilishe difu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Fedha hizo zitazidi bei ya matairi.

Spidi ya dashibodi nayo itadanganya. Ukisoma 50 utakuwa unakwenda kama 53 na nusu, na ndani ya makazi tochi ya trafiki haitasikiliza habari za matairi.

265/70R17 iko katikati ya hayo yote. Kimo chake ni milimita 803, difu inapanda milimita 13, ukuta unafika 185. Upana ni ule ule wa sasa, kwa hiyo mkono wa juu hauna wasiwasi, na ringi yako ya upana wa inchi 7 na nusu inalifaa bila spesa. Ongezeko ni asilimia 3 na nusu hivi. Kwa kuwa dashibodi za kiwandani kwa kawaida husoma juu kidogo ya mwendo halisi, utajikuta unasoma karibu na ukweli.

Hata hivyo usilipe matano kabla hujajaribu moja, maana saizi ile ile hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, hasa zile zenye kashata (meno ya tairi) nene mabegani. Mwombe fundi afunge moja mbele kulia. Paka chaki ndani ya madigadi, kwenye plastiki na kwenye kile chuma cha nyuma. Pandisha gurudumu hilo juu ya tuta au jiwe kubwa hadi springi ibonyee, kisha kata usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia, huku gari likisogea polepole mbele na nyuma. Shuka, chungulia kwa tochi, uone chaki imefutika wapi. Ikifutika kwenye plastiki au kwenye kile kipande cha mpira cha kuzuia tope, hilo linarekebishika kwa kukata kidogo na kurudishia vibano. Ikifutika kwenye chuma, rudisha tairi hilo, jaribu la kampuni nyingine. Kisha rudia upande wa kushoto.

Ukiwa dukani soma ukuta wa tairi. Baada ya saizi kuna namba kama 112: hiyo ni uwezo wa kubeba, na 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Usishuke chini ya hapo. Yaliyoandikwa LT, yaani ya magari ya mizigo midogo, yana nyuzi nyingi zaidi, na kwa mawe makali yanayouzunguka Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano ulio kwenye njia yako ya Engare Sero, ningechukua hayo, ingawa ni mazito. Mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT kwenye ukuta wa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025. Mimi silifungi tairi "jipya" lililokaa zaidi ya miaka mitatu, hasa kama limekuwa likianikwa juani mbele ya duka. Aina ya MT, zile za kashata kubwa za tope, ziache; kwenye lami iliyolowa zinachelewa kusimama, na njia yako ni vumbi na mawe kuliko tope.

Nasema matano kwa sababu tairi la akiba lazima liwe saizi hiyo hiyo. Kwenye gari linaloendesha magurudumu yote manne wakati wote, tairi moja la kimo tofauti linaisumbua difu ya katikati mwendo mzima. Kama spea yako inakaa mlango wa nyuma, kagua bawaba, maana uzito umeongezeka.

Kabla ya kufunga, kapime alaimenti. Gari likiinuliwa mbele, pembe za magurudumu zinahama. Hasa ile inayofanya usukani urudi wenyewe katikati hupungua, na gari linaanza kuyumba kwenye lami. Omba karatasi ya vipimo uione mwenyewe. Usipofanya hivyo, matairi mapya yatalika upande mmoja ndani ya muda mfupi. Nati zikaze tena kwa spana ya kipimo, karibu Nm 110, baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo: kwa LT anza na psi 35 asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Pima tena baada ya saa moja ya lami. Ukikuta umepanda psi 4 hadi 6, uko sawa. Ukipanda zaidi, ulianza na upepo mdogo. Ukiacha lami Mto wa Mbu shusha hadi 28 hivi, na mwendo ushuke pia. Penye mawe meusi makali usishushe zaidi ya hapo, kwa sababu ukuta utatokeza nje na ndio utakaokatwa. Hapo dawa ni mwendo wa polepole. Kwenye mchanga wa makorongo, 18 hadi 20 inatosha kukutoa. Fedha utakayookoa kwa kuziacha ringi za 20, toa sehemu yake ununue pampu ya umeme ya gari, na ukitoka mchangani rudisha 28 kabla hujaongeza mwendo: tairi lenye psi 18 kwenye kilomita 60 kwa saa linachemka kwa ndani, na ukikata kona ghafla linaweza kuchomoka kwenye ringi.